Mwaka Niliokaa Dunguni na Shangazi Nyamizi

Kalunde alinipigia simu mwezi wa kumi kuniambia kwamba wanataka kulijengea kaburi la Shangazi Nyamizi, maana msalaba wa mti umeshaliwa na mchwa mara mbili, na kwamba katika ukoo mzima hakubaki mtu aliyemjua Shangazi kabla hajafika Usoke ila mimi. Sikuwa namjua Kalunde kwa sura. Nilisikia tu, miaka mingi iliyopita, kwamba Shangazi alimwokota mtoto yatima huko ugenini akamlea kama wake. Aliniamkia shikamoo, akaniita dada, akaniomba nije niseme maneno machache kaburini kwa niaba ya ukoo, ili watoto wake na wajukuu wake wajue bibi yao alitoka wapi. Nilimjibu kwamba nitakuja. Simu ilipokatika nilibaki nimekaa kitandani hapa kwangu Ipuli, nikashindwa hata kuinuka kuwasha jiko. Alikotoka ninakujua, na aliyemtoa ninamjua pia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, enzi za Waingereza, na nilikuwa na hasira. Mwezi wa tisa baba alikuja na baiskeli kwenye shule ya masista nilikokuwa nikisoma darasa la nne, akazungumza na Sista mkuu barazani, kisha akaniambia nifunge sanduku. Mama alikuwa amejifungua kwa shida, mtoto amekufa, na yeye mwenyewe amebaki kitandani miguu imevimba, hawezi kuinua hata kata ya maji. Ningerudi shuleni akisimama. Njia nzima nilikaa nyuma ya baiskeli bila kumsemesha baba, na baba naye hakunisemesha. Tulipofika alilipandisha sanduku langu darini. Siku iliyofuata alinipa kombeo na debe bovu, akasema kazi za jikoni zitafanywa na mama mdogo, mdogo wake mama aliyekuja kumwuguza, mimi nitashinda shambani na Shangazi Nyamizi kulinda mbegu zilizofukiwa vumbini kungojea mvua. Shamba letu lilikuwa upande wa Puge, limepakana na njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyotoka Tabora kwenda ziwani. Tukilima ukingoni mwake bado tulikuwa tunaokota shanga za kioo. Katikati ya shamba lilisimama dungu, jukwaa la miti lenye paa dogo la nyasi, ambapo mlinzi wa ndege hukaa juu akaona mtama wote. Humo ndimo nilimoishi mwaka ule, kuanzia jua linapochomoza mpaka linapokaribia kuzama, bega kwa bega na mwanamke ambaye mpaka wakati huo nilikuwa nimemwona tu akipita na jembe.

Shangazi alikuwa dada wa baba, mkubwa kwake. Aliolewa Urambo, akakaa miaka kumi na miwili bila kuzaa, akarudishwa. Baba alimjengea kibanda nyuma ya kihenge cha mtama, na ndani yake kila kitu kilikuwa kimoja: kitanda kimoja cha kamba, chungu kimoja, kigoda kimoja, na kibuyu cha asali kilichoning'inia kwenye nguzo. Mchana tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tukitafuna polepole na karanga mbichi. Jioni alinipikia mlenda kwenye chungu chake kabla sijarudi nyumba kubwa, akasema nyumba kubwa wana mgonjwa, watasahau kunipa chakula. Na kweli walikuwa wanasahau. Hakuwa msemaji. Lakini alinitazama nikirusha mawe ovyo kwa kila chenye mabawa, na siku ya tatu akanishika mkono na kuniambia kwamba nikimfukuza kila ndege nitachoka kabla ya saa nne, na nitakuwa nimemfukuza rafiki pamoja na mwizi. Basi akaanza kunionyesha.

Sijui kama kuna mahali pengine mwaka unapoanza kama unavyoanza kwetu. Mwezi wa kumi nchi imekauka, vumbi limejaa kila kitu, mvua haijanyesha hata tone, halafu miombo inachipua. Majani yanatoka mekundu kama shaba, kisha ya manjano, kisha ya kijani, na yote hayo bila maji, kana kwamba miti imepata habari ambayo watu hawajapata. Ndege walikuja pamoja na majani hayo. Shangazi aliwapokea mmoja mmoja. Mbayuwayu walitangulia, wakikata hewa chini chini juu ya shamba. Kisha keremkerem wa rangi nyingi, waliokaa safu moja kwenye tawi kavu na kuruka kuwadaka nyuki. Dudumizi alianza kulia vichakani, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na Shangazi akasema mvua haitavuka wiki mbili, nayo haikuvuka. Alinifundisha kulala kifudifudi kwenye ubao wa dungu nisitikisike, nitazame kanga wanavyomweka mmoja wao awe mlinzi wakati wengine wanakula. Alinionyesha kiota cha shorewanda nyuma ya kihenge, tukawa tunakitazama kila asubuhi bila kukigusa. Nilikuwa na daftari la shule lenye kurasa tupu, nikaanza kuandika: jina la ndege, siku tuliyomwona, alichokuwa anakula. Yeye hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee mwishoni mwa kila wiki, na nikikosea alinisahihisha. Leo ninapofikiria miezi ile mitatu, ninaona nilikuwa na furaha, na wakati ule sikutaka mtu yeyote ajue, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuwa na hasira.

Korongo walifika na mvua ya pili. Tulianza kuwaona kama vumbi juu sana, wakizunguka, halafu wakashuka kwa mamia kwenye majaruba ya mpunga na kwenye mtama mchanga, weupe wenye mabawa meusi na miguu mirefu myekundu. Shangazi alisimama dunguni akawaamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kama mtu anavyowaamkia wakwe. Alinikataza kabisa kurusha jiwe. Hawa, alisema, wanakula viwavi na panzi, hawajawahi kuokota punje yetu hata moja. Kisha akaniambia jambo lililomsumbua tangu utoto wake. Kila ndege wa nchi hii alishaona yai lake, isipokuwa korongo huyu. Anakula kwetu miezi minne, kisha anaondoka, na hakuna aliyewahi kuona kiota chake. "Wewe umesoma," akaniambia. "Wanakwenda kuzalia wapi?"

Nilijua. Sista mmoja alikuwa ametuonyesha picha darasani, korongo amesimama kwenye kiota juu ya paa la nyumba huko Ulaya, akatueleza kwamba wenyeji wa huko huwafunga vifaranga pete ya bati mguuni, yenye maandishi, ili watakaowaokota mbali wajue walikotoka. Nilikuwa nayo habari yote mdomoni. Lakini siku ile nilikuwa nimepata barua ya rafiki yangu akinieleza walivyojiandaa kwa mtihani, na roho ilikuwa imenijaa uchungu, na neno "umesoma" likanichoma. Nikamjibu kwamba sijui. Ilikuwa hivyo tu, kununa kwa mtoto. Nimelipima neno lile mara nyingi tangu hapo. Ningemjibu, angekuwa na la kujitetea.

Watu walikuwa wameanza kumsema. Nilisikia mwenyewe, nikiwa nimechuchumaa nje ya jiko kuosha vyungu, mama mdogo akiongea ndani na jirani yetu Mama Kashindye. Mama Kashindye alisema amemwona Nyamizi akiwaamkia ndege kama watu. Mama mdogo akacheka, akasema wifi yake ana upweke tu. Mwenzake akajibu kwamba wenye upweke huwa na paka, si kundi la ndege linaloshuka likiitwa. Kisha wakahamia kwenye habari za surua iliyokuwa imeingia vijiji vya jirani. Niliondoka na vyungu vyangu. Sikumwambia Shangazi niliyoyasikia, nikidhani ni maneno ya jikoni tu.

Mwezi wa kwanza mama alizidiwa. Baba alisema anahitaji mchuzi, na nyumbani hakukuwa na kuku aliyebaki. Nikatega mtego wa kamba ya katani ukingoni mwa karanga, mahali kwale walipopita asubuhi. Nilifanya bila kumwambia Shangazi, maana asingekubali kamba karibu na korongo. Alfajiri nilikwenda kutazama, na nikamkuta korongo. Kamba ilikuwa imemkaza mguu, na mguu ulikuwa umevunjika. Hawana sauti, korongo. Alikuwa anagonga domo tu, taka taka taka, na kunitazama. Nilijaribu kufungua kamba akanipiga na bawa. Niliogopa Shangazi atasikia, nikachukua mpini wa jembe. Sitaeleza zaidi. Alipotulia ndipo nilipoona kwenye mguu mwingine, ule mzima, pete ya bati yenye herufi na tarakimu.

Ningemzika, lakini jua lilikuwa linatoka na nilisikia watu wakija na majembe. Nikambeba chini ya kanga yangu, nikamfunika kwa mabua nyuma ya kibanda cha Shangazi, kwa sababu hapo hapakuwa na mtu anayepita. Niliwaza kwamba jioni nitarudi na jembe. Jioni mama alitapika damu, na sikutoka kitandani pake. Usiku huohuo mtoto wa Mama Kashindye alikufa kwa surua. Asubuhi waombolezaji walipokuwa wamejaa njiani, mbwa wetu walitoka nyuma ya kihenge wakimburuta korongo mkubwa aliyekufa, mguuni amevaa chuma.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, aliita watu uani kwake alasiri, baada ya maziko. Sikumbuki nani alisema nini kwanza. Nakumbuka korongo amelazwa juu ya ungo katikati, na watu wamekaa mbali naye. Walisema ndege havai chuma isipokuwa amevishwa. Walisema amevishwa akatumwa, na amerudi kufia kwa mwenyewe. Mama Kashindye hakusema kitu, alikuwa amekaa chini amefunika kichwa, na kimya chake ndicho kilichowatia watu ukali. Shangazi aliulizwa, akajibu kwamba hajui ndege huyo amefikaje nyuma ya nyumba yake, na kwamba korongo ni wageni, hana sababu ya kumuua mgeni. Wakamuuliza chuma kile ni nini. Akasema hajui, hajawahi kukiona. Alisema kweli. Mtu mmoja tu katika ua ule alikuwa anajua, na baba akamgeukia.

"Felista, wewe unashinda naye. Ndege huyu unamjua?"

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa haki. Aliniuliza kwa sababu alitarajia nimsaidie dada yake. Sasa naliona hilo usoni mwake kama vile amesimama hapa mlangoni. Lakini wakati ule niliona tu kwamba nikieleza pete nitaulizwa nimeionaje kwa karibu, na nikieleza hilo nitafika kwenye mtego, na kwenye mpini wa jembe, na Shangazi ananisikiliza.

"Simjui," nilisema. Ningeishia hapo. Lakini macho ya watu yalikuwa bado juu yangu, na nilitaka yaondoke. "Anayewajua ndege ni Shangazi."

Hapakuwa na kelele. Watu waliguna tu kidogo, kama wamepata walichokuwa wanakingoja. Shangazi aliniangalia, si kwa hasira, akanyoosha mkono kama mtu anayezuia mbuzi wasimkanyage mtoto. "Mwacheni," alisema. "Huyu ni mtoto, msimwingize. Mimi nitaondoka."

Aliondoka asubuhi kabla watu hawajabadili nia na kutaka zaidi ya kuondoka. Baba alimsindikiza kwa baiskeli hadi Tabora akamkatia tiketi ya treni. Alibeba jembe, chungu na blanketi. Mimi nilisimama kwenye njia ya wapagazi nikalia mpaka nikakaa chini, na Shangazi akarudi hatua zote zile kunifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Aliniambia niangalie kiota cha shorewanda, makinda yamekaribia kuruka. Sikukiangalia. Mtama ulipokomaa kwelea kwelea walishuka kama moshi, nikawa peke yangu dunguni na debe langu, na nusu ya shamba ikaliwa. Baba hakunilaumu hata kidogo. Ningeshukuru angenipiga.

Mama alipona, nami mwaka uliofuata nikarudi shuleni. Siku moja baba alikuja na ile baiskeli. Alinieleza kwamba mwanangwa aliipeleka ile pete boma, na Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza, akaandika barua Ulaya kuiulizia, na jibu limerudi. Ni bati la kuhesabia ndege tu, halina uchawi. Mwanangwa ameona haya, Mama Kashindye amekuja kulia nyumbani. Baba alikuwa ameshakwenda Usoke kumwomba Shangazi arudi, na Shangazi amekataa kwa upole. Amepata mahali, amepata na mtoto wa kulea. Kisha baba akavua kofia, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa kaka yake. Nilitakiwa kusimama mbele yao hata bila kujua. Sikusimama." Tulikuwa kwenye baraza ya shule, wasichana wanapita na ndoo. Nilikuwa na nafasi ya kumtua mzigo ule hapo hapo. Nilimwambia asijilaumu. Aliubeba miaka thelathini na moja, akazikwa nao.

Nilifika Usoke Jumamosi. Kalunde alinipokea na shikamoo tena, mwanamke mnene mwenye mvi, mwepesi wa kucheka, akanikalisha jikoni kwake kwa sababu sebule ilijaa wageni. Alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya chakula cha baada ya ibada. Nikamwambia yote, kuanzia barua ya rafiki yangu hadi mpini wa jembe, kwa sababu niliona siwezi kusimama kaburini kumtaja Shangazi kabla huyu hajajua nani anamtaja. Vidole vyake viliendelea kuchambua. Nilipomaliza alikuwa ameshachambua sehemu ileile ya ungo mara tatu.

"Mama hakujua," alisema hatimaye. "Alikuwa akisema kwao walimwacha wote, ila mtoto mmoja alimlilia. Alisema, yule mtoto angejua kitu, angesema."

Alinyanyuka akaenda kutia mchele sufuriani. Nikamuuliza kama bado anataka niseme kaburini. Akasema ndiyo, lakini niseme hayo hayo. Nikayasema, mbele ya watoto na wajukuu wa Kalunde wapatao ishirini na katekista, juu ya saruji ambayo haijakauka vizuri. Nilitaja pete, mtego na jibu langu uani kwa mwanangwa. Hakuna aliyenipa pole, na sikuwa nimekuja kutafuta pole. Msichana mmoja, mjukuu, alinitazama muda wote bila kupepesa, nami nikajilazimisha kumtazama.

Baada ya chakula wageni walipoondoka, Kalunde alikuja kukaa karibu nami ukumbini, akaniuliza kwa nini sikuja hata mara moja, umbali wenyewe huu. Nikamwambia na hilo. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa kazi upande wa Kigoma. Treni ikasimama Usoke, nikamwona Shangazi anauza karanga, na sinia kichwani, mtoto mdogo amemshika kanga. Alikuwa anapita chini ya madirisha ya mabehewa, akiinua uso kila dirisha. Alipokaribia langu nilivuta mtandio usoni nikajifanya nimelala. Nilimsikia akiita karanga, karanga, akapita.

Nilidhani Kalunde ataniambia niondoke, na nilikuwa tayari kuondoka.

"Mtoto huyo ni mimi," alisema. "Karanga zilikuwa zinaisha mapema, maana alipima vizuri, watu walimpenda. Zikiisha harudi nyumbani. Anabaki na sinia tupu, anapita dirisha hadi dirisha akitazama nyuso mpaka treni iondoke. Miguu inaniuma, namwambia mama twende, karanga zimeisha. Ananiambia, ngoja kidogo mwanangu, bado behewa moja."